Mama na Safari ya Mionzi

Daktari wa Mpanda hakutuzungusha. Alisema saratani ya mdomo wa mama imeshaenda mbali, na kwa umri wake hawezi kumpasua. Yapo mawili, akasema. Apelekwe Mwanza akapigwe mionzi mara chache, siyo ya kumponya, ni ya kupunguza maumivu na ile damu inayomtoka. Au abaki nyumbani anywe dawa ya maji ya mofini, ya kutuliza maumivu, kila baada ya saa nne, hata asipolalamika. Vyovyote tutakavyoamua, akatupa na vidonge vya kusaga, unga wake tuuweke kwenye kidonda kukata harufu.

Kaka yangu alitaka Mwanza. Mimi nilitaka mama abaki kwetu Majimoto. Sijui kama nilikuwa namhurumia, au niliogopa afie mbali nikiwa sipo. Hilo mpaka leo linanisumbua.

Kwetu wanawake tunakula sinia moja, jikoni. Mama alikuwa ameshaacha, kwa ajili ya ile harufu. Alihamisha kigoda chake nyuma ya ghala la mpunga, akawa anakunywa uji peke yake. Kaka, ambaye anaishi mjini, alipoona hivyo akanigeukia.

"Mmemtenga mama kama mbwa."

"Kajitenga mwenyewe. Tukimfuata anahama."

"Nyie wanawake wa nyumba hii mna maneno sana."

Ilinichoma. Ila lazima nimpe haki yake: yeye ndiye aliyesaga vile vidonge kwa mgongo wa kijiko, akamsafisha mama kidonda bila kugeuza uso.

Harufu ikaanza kupungua. Mchana mmoja tumezunguka ugali na mlenda, mama akaja na kigoda chake na kikombe cha uji. Wifi yangu, mke wa kaka aliyekuja naye, akasogea.

"Karibu mama. Tulishaanza kuigombania nafasi yako."

Mama akacheka kwa macho. Halafu damu ikamtoka mdomoni, ikadondokea kwenye sinia. Akainuka haraka, sikujua kama bado anaweza vile, akarudi nyuma ya ghala.

Nilimfuata na maji. Kaka naye akaja, na tukaanza tena palepale, apelekwe, asipelekwe, mama ameinama katikati yetu. Akagonga kikombe chini.

"Maumivu nayaweza na hiyo dawa yenu. Damu siiwezi. Nipelekeni."

Maneno yalimtoka kwa shida, kwa upande mmoja wa mdomo. Na mimi nilikuwa nimemwapia kaka kwamba mama hataki safari. Nikatafuta kichwani ni lini aliniambia hivyo, sikupata.

"Umesikia?" kaka akaniambia.

"Na wewe nyamaza," mama akasema. "Hukuniuliza."

Stendi ya Mpanda nilimkalisha mama dirishani kwenye basi la Mwanza, nikamfunika kitenge. Alikuwa mwepesi kuliko begi lake. Nikajiuliza kama barabara haitammaliza kabla ya hiyo mionzi, nikajiuliza pia kama natafuta tu sababu ya kumshusha. Nikamkabidhi kaka chupa ya dawa.

"Kila baada ya saa nne. Usisubiri alie."

"Sawa, daktari."

"Usinicheke."

"Sikucheki," kaka akasema, chupa ameikumbatia kifuani. "Naogopa."

Nilitaka kumwambia hata mimi, lakini kondakta alikuwa ananishusha ili afunge mlango.