Feni ya Shangazi Perpetua

Ngoja nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka.

Mimi ni fundi redio hapa Nyasho, Musoma. Mwezi uliopita nilifunga mstari wa taa ndogo za LED kwenye panga la feni, nikawasha, na panga lilipozunguka jina langu likaelea hewani kwa herufi za kijani. Nikapiga magoti. Nilijua duniani hakuna aliyewahi kuona kitu hiki. Kuuliza mtu sikuthubutu, nisije nikaibiwa. Hata mke wangu nilimwapisha kwa Biblia.

Nikajaza fomu za kuomba hataza, ile hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi, kisha nikampigia baba simu Butiama. Mzee hakuuliza swali. Alichinja dume la ng'ombe, akaita ukoo mzima.

Jumapili nikasimama mbele yao na suti yangu ya harusi, mashine imefunikwa shuka. Nikasimulia miaka niliyoteseka, ingawa zilikuwa siku nne tu.

"Mnachokwenda kuona," nikasema, "hata Wazungu hawana!"

Shangazi Perpetua alikuwa ametoka jikoni, jasho linamtiririka. Akatoa kwenye pochi kifeni cha betri, akakiwasha. Kikazunguka, na hewani yakatokea maneno mekundu ya Kiingereza, eti nakupenda.

Ukoo wote ukageuka. Baba akakitazama kifeni, akanitazama mimi, akaitazama nyama.

"Hiki nilikinunuaga mnadani Bunda, mwaka juzi," akasema shangazi. "Endelea baba, tunakusikia. Mimi najipepea tu."