Barua ya Uhamisho Iliyotokea Ujiji

Niliondoka Mwandiga asubuhi bila kujua ninakokwenda. Chumba nilichokuwa nikilala kilikuwa kimepata mpangaji mwenye mke na godoro, nami sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo viwili. Nikafunga begi, nikasimama barabarani, nikakubaliana na nafsi yangu kwamba gari la kwanza litakalosimama ndilo litakaloamua.

Likasimama pikapu lenye ngazi juu na bunda la kebo nyuma. Dereva alikuwa dada mmoja aliyevaa kizibao cha kung'aa.

"Wewe, unaweza kushika ngazi bila kuongea?"

"Kushika naweza."

Akacheka, akanifungulia mlango. Msaidizi wake alikuwa ameamka na malaria, na yeye siku hiyo alikuwa na kazi ya kuunganisha kampuni moja ya mawese: ofisi yao kuu iko Kigoma mjini, stoo yao iko Ujiji. Mpaka siku hiyo taarifa za stoo zilikuwa zikipelekwa mjini kwa flashi, mkononi mwa bodaboda, na bodaboda huyo alikuwa mtu wa kupitia misibani.

"Tunawawekea VPN," alisema.

"Naijua hiyo. Ninayo kwenye simu, ya kufungulia mitandao ikifungwa."

"Hiyo ni ndugu yake wa mbali. Hii ni ya tabaka la pili, inapita juu ya MPLS, njia ya kampuni ya simu inayosafirisha data kwa lebo."

Shule niliiacha darasa la sita, lakini maswali hayakuniacha. Mjini nilishika ngazi na kuuliza mpaka meneja wa kampuni akadhani mimi ndiye mkaguzi, akanipa chai ya pili. Alikuwa mtu mpole, ila kila tulipopita nyuma yake aliinamisha skrini ya laptopu yake.

Tukiwa njiani kwenda Ujiji, yule dada akachoka kunikwepa, akanieleza.

"Chukulia gunia la dagaa. Mimi nalishona mdomo, nalibandika lebo mbili, moja juu ya nyingine. Kila kituo linapopita, mtu anasoma ile ya juu tu, anaibandua, anabandika yake, anasukuma mbele. Hafungui gunia. Hajui kama ndani ni dagaa au barua za mapenzi. Likifika kituo cha mwisho, ile lebo ya chini ndiyo inayosema: hili ni la mlango wa fulani. Basi."

"Kwa hiyo gunia linafika kama lilivyoondoka."

"Kama lilivyoondoka. Ndiyo maana ofisi mbili zinajiona ziko chumba kimoja. Ni kama nyumba mbili zinazotumia ua mmoja. Ukiita huku, na kule wanasikia."

"Sasa faragha iko wapi?"

"Faragha ni kwamba wa nje hawaingii. Mkishakuwa ndani ya ua, shauri yenu."

Stooni Ujiji tulipokelewa na karani wa stoo, mama wa makamo aliyekaa kati ya madumu ya mawese kama mtu aliyezaliwa nayo. Tulimwamkia, tukafunga kisanduku ukutani, taa ikawaka kijani. Dada akampigia simu meneja.

"Mambo tayari. Hebu fanya kazi zako za kawaida nione."

Dakika haikuisha, printa ya stoo ikaguna na kutoa karatasi. Ikatulia. Ikatoa nyingine kama ile ile. Kisha ya tatu.

"Mbona inachapa yenyewe?" mama aliuliza, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo la mtu mwingine. "Yah: uhamisho wa kituo cha kazi. Kutokana na hali duni ya mawasiliano kati ya stoo ya Ujiji na ofisi kuu, unahamishiwa Kibondo..." Jina chini ya anuani lilikuwa lake.

Akakaa juu ya dumu. Akampigia mdogo wake. "Wananipeleka Kibondo! Na mama? Hata kwenye bajaji hawezi kupanda, nitamwacha na nani?" Simu ikakatika, naye akatugeukia. "Imeandikwa mjini. Imefikaje hapa?"

Dada alikuwa ameshafungua mipangilio ya printa, akajishika kichwa. Fundi aliyetangulia alikuwa amezipa printa za ofisi zote mbili namba ya mtandao ile ile. Zamani haikuwa na neno, kila moja ilikuwa kwao. Leo tumebomoa ukuta. Laptopu ya meneja imeita uani, "Nani ni namba fulani?" na printa zote mbili zimeitika labeka. Laptopu ikaisadiki ile ya Ujiji.

"Kwa hiyo meneja yuko pale anaipiga makofi printa yake," nilisema.

"Na anabonyeza tena na tena."

Nikafikiri. Sikuwahi kufikiri vizuri hivyo darasani. "Na tukiizima hii ya hapa, mama akachapa, ataitika nani?"

Dada akanitazama. "Atakayebaki. Yule wa mjini." Kisha akajikohoza kikazi. "Nitabadilisha namba, lakini kwanza lazima nijaribu upande wa pili. Ni utaratibu. Mama, una kitu chochote cha kuchapa?"

Mama alikuwa nacho. Alichapa kwa vidole viwili, bila kutuomba ushauri:

"Barua yako nimeipokea kwa shukrani. Nimepata nakala tatu, kabla hujaisaini. Kuhusu hali duni ya mawasiliano, naomba ufafanuzi."

Tukazima printa. Akabonyeza. Pale stooni hakikutoka kitu, na sisi watatu tukabaki tunaitazama simu.

Ikaita. Mama akaweka sauti ya nje.

"Mama, hii karatasi imetoka wapi?"

"Si kwenye printa yako, baba?"

"Printa yangu mbovu! Nimebonyeza mara tatu ikakataa!"

"Haikukataa. Ilinipa mimi."

Tulisikia kiti kikilia, kisha sauti ndogo: "Fundi yupo hapo? Yeye ameisoma?"

"Tumesomewa, bosi," dada alijibu.

"Basi hizo nakala zichane, mama. Uhamisho haupo. Kibondo tutatafuta mtu wa huko huko."

"Nibaki na moja ya kumbukumbu?"

"Chana, mama!"

Alichana mbili karibu na simu ili asikie. Ya tatu aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Dada akaiwasha printa ya Ujiji, akaibadilisha namba, akajaribu mara nne, kila karatasi ikatokea ofisi ilikochapwa. Akaanza kukunja ngazi.

"Na huyu mwenye maswali analala wapi?" mama aliuliza.

Nilimwambia mawazo yangu yalikuwa hayajafika hapo.

"Nina chumba uani, kitupu. Twende ukakione."

Kulikuwa bado na jua tulipofika kwake. Barazani walikuwa wamejaa majirani wenye nyuso za kuaga, kwa sababu mdogo wake alikuwa amesambaza habari haraka kuliko MPLS. Mahali pa kochi palibaki alama tu sakafuni. Kabati la vyombo lilikuwa nusu mlangoni mwa nyumba ya pili, limekwama. Katikati ya umati, kwenye mkeka, bibi mmoja mzee alikuwa amekaa ametulia kabisa. Ndiye mama yake mzazi.

"Nilisikia unahama," alisema. "Nikaona nikupunguzie mizigo, vitu wachukue majirani."

"Sihami, mama!"

"Ungesema mapema." Akanitazama mimi na begi langu. "Huyu ni nani?"

"Mpangaji."

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba. Weka begi chumbani, mjukuu wangu, halafu ukimbie. Yule mbuzi wetu beberu ametoka sasa hivi, amepelekwa njia ya ziwani, na yule aliyemchukua anatembea haraka."