Nilivyompeleka shangazi azoee ndege kwenye uwanja wa ndege zilizostaafu, Taru

Wakuu, salaam aleikum, na wasio wa salaam hamjambo. Hii sijaitia chumvi. Shahidi wangu ni Kalama, na akipita humu atanitetea.

Miaka ya tisini nilikuwa fundi gereji pale Makupa. Nikiishi kwa shangazi yangu Zuhura, dada mdogo wa baba, vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu. Mwanamke wa kupika mkate wa mofa na kusema ukweli bila kuulizwa.

Mwaka mmoja akapata nafasi ya Hijja, msafara wa kina mama. Mtaa mzima ukaja kumpongeza.

Akasema haendi.

"Ndege sipandi. Nitafutieni meli."

Meli za mahujaji zilikwisha zamani. Majirani wakambembeleza, sheikh akaja kumnasihi akaondoka na mkate. Zimebaki wiki tatu.

Hapo nikajiona mwerevu. Kalama, tuliyefanya naye kazi gereji, alikuwa ameajiriwa ulinzi kwenye kiwanja kimoja cha ndege huko nyika ya Taru. Si cha abiria. Ndipo zinapolazwa ndege zilizostaafu, maana kule ni jangwa, chuma hakiliwi na chumvi kama huku kisiwani.

Nikawaza: nimkalishe ndani ya ndege isiyoweza kuruka hata ikisomewa dua. Azoee.

Nikaazima pikapu ya tajiri wangu, asubuhi tukatoka.

Wakuu, nilitarajia kitu cha maana. Tukakuta ndege nne katikati ya miiba, injini zimeng'olewa, mbuzi wamelala kwenye kivuli cha bawa. Moja haina pua.

Shangazi akazitazama. "Hizi ndizo za kunipa moyo?"

Kalama akaegemeza ngazi. Shangazi akapanda, buibui kalikunja mkononi, akakaa dirishani. Mimi nikajifanya rubani, nikatangaza kwa sauti ya puani kwamba tunaelekea Jeddah, abiria wafunge mikanda.

Akafunga.

Mkanda haukufunguka tena.

Tukavuta. Nikatia oili ya gari. Wapi! Kalama akakimbilia kibandani kwake kutafuta panga.

Nikaona shangazi analia. Nikamwambia, "Shangazi, haiendi popote hii, haina hata injini."

"Mjinga wewe. Ni nani alokwambia naogopa kuruka?"

Ndipo akanieleza. Mumewe, ami Saidi, alikwenda Jeddah kufanya udereva nilipokuwa mdogo. Barua mbili, kisha kimya. Sisi watoto tuliambiwa amekufa. Kumbe yu hai, ana mke na watoto huko, na kila msimu anabeba mahujaji wa kwetu kwa basi.

"Nikimuona nami niko kwenye ihramu," akasema, "siruhusiwi hata kumtukana. Hijja yangu yote iharibike kwa yule mbwa!"

Sikujua nicheke au nilie. Nikamwambia tu, "Basi mtukane hapa."

Akanitazama. Kisha akakigeukia kiti kitupu cha pembeni yake.

Alichosema sikiandiki, wasimamizi wa jukwaa watanifungia. Nusu saa nzima. Alianza na ukoo, akaja kwenye meno, alipofika chini ya kiuno mimi mwenyewe nikashuka nikakae na mbuzi.

Kalama akarudi, akasikia, akasimama chini ya ngazi na panga lake kwa adabu zote. "Mama, nisamehe. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa nalinoa."

Tulipoukata ule mkanda alishuka amenyooka. Akaomba maji, akatawadha, akaswali chini ya bawa. Njia nzima ya kurudi alilala akikoroma.

Na alikwenda. Aliporudi nikangoja wageni wapungue, nikamuuliza kama walionana.

"Tulionana. Ndiye alonibebea sanduku mpaka basini. Akaniuliza, 'Zuhura, huna la kuniambia?' Wallahi mwanangu, nililitafuta. Sikuliona."

Funzo langu: mtu akikwambia anaogopa, muulize tena anaogopa nini. Mimi nilimbeba mwanamke mpaka jangwani kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Nanyi mliowahi kubeba tusi miaka na miaka bila kumpata mwenyewe, hebu semeni: mlilitua wapi?