Jina la Mwenye Shamba Gazetini

Shamba letu liko nje kidogo ya mji wa Kitale. Mama ameishi hapo tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na marehemu baba amezikwa nyuma ya nyumba. Lakini hati ya shamba ilikuwa bado na jina la mtu mwingine, mwanamume wa upande wa Bungoma aliyemuuzia baba. Waliandikiana makubaliano kwa mkono, mashahidi wakatia sahihi, na yule mwanamume akasema atarudi wiki ijayo waende pamoja bodi ya ardhi kubadilisha jina. Hakurudi.

Kwa muda mrefu hatukujali. Tulilima, tukavuna. Kisha mama akaanza kuugua miguu, na kila nilipomtembelea alikuwa na neno moja: "Mwalimu, nisije nikafa niwaachie karatasi ya mtu."

Ndiyo kazi yangu, lakini huniita hivyo anapotaka jambo. Nikatafuta wakili mjini. Wakili alisema sheria iko upande wetu, kwa kuwa tulikuwa tumekaa zaidi ya miaka kumi na miwili bila mtu kutusumbua. Ila lazima tumshtaki mwenye jina, na mshtakiwa lazima apewe habari. Kama hapatikani, mahakama inaweza kukubali aitwe kupitia gazeti.

"Basi tuandike gazetini," nikasema.

"Bado. Jaji atauliza ulimtafuta wapi."

Ndivyo likizo zangu mbili zilivyoisha. Nilianza Bungoma, katika kijiji kilichoandikwa kwenye yale makubaliano. Chifu alikuwa mgeni hapo, akanituma kwa mzee wa kijiji, naye mzee akasema boma hilo lilihama kitambo, labda Cheptais. Cheptais nikashinda sokoni siku nzima nikiuliza watu wanaopanga vitunguu. Mama mmoja akamkumbuka, au akamkumbuka mtu mwenye jina kama lake, na akasema alionekana Kapsokwony. Nilipanda huko kwa pikipiki mvua ikinyesha, tukateleza mara mbili, na nilipofika ofisini kwa chifu na matope hadi magotini, karani aliniambia bila kuinua kichwa, "Huyo si alivuka Suam akaenda Uganda? Hivyo ndivyo watu walisema." Nikaomba aniandikie barua kwamba hajulikani aliko. Akaandika, akapiga muhuri. Barua za namna hiyo nilikuwa nazo nne kwenye bahasha, na zote zilisema kitu kimoja: hayupo.

Nilichoka. Naona haya kusema kwamba kufikia hapo sikuwa nikimtafuta tena. Nilikuwa nikitafuta mihuri.

Jaji alizisoma barua, akaruhusu tangazo. Lilitoka siku ya kazi, kisanduku kidogo chenye maneno ya kisheria, jina lake kwa herufi kubwa. Nilimpelekea mama gazeti. Hakufurahi nilivyotarajia.

"Huyu mtu alikuwa mwema," akasema. "Siku tunahamia alituachia mboga zote shambani. Alinionyesha mahali pa kuteka maji. Leo tunamwita kortini kama mwizi."

"Mama, ni utaratibu tu."

"Najua ni utaratibu."

Siku tisa baadaye karani wa wakili alinipigia simu wakati wa kipindi cha tatu. Kuna mwanamke amekuja ofisini na tangazo kwenye simu yake. Karani alikuwa ameshusha sauti. "Anasema ni binti yake. Nafikiri amekuja kupinga."

Nilitembea hadi pale. Mwanamke alikuwa ameketi kwenye benchi, mkoba umekumbatiwa kifuani, rika langu au mdogo kidogo. Alikuwa anauza nguo soko la Bungoma, na mtu wa kanisa lake ndiye aliyemtumia picha ya lile tangazo. Karani alikuwa amempa fomu ya kujibu mashtaka, naye ameiweka kando. Aliponiona akasimama.

"Ni nyinyi mmeweka babangu kwa gazeti?"

"Ndiyo, dada. Sisi."

"Mlimuona wapi?"

Sikumwelewa. Akarudia, sasa machozi yakimlengalenga. "Jina lake liko hapo. Si ina maana mmemuona? Nimetoka saa kumi na moja asubuhi. Nimekuja kumchukua."

Karani akainama kwenye karatasi zake. Ikabidi nieleze mimi. Nilimwambia kwamba tangazo ni la mtu ambaye hajapatikana, kwamba ndiyo maana likawekwa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaketi.

"Alitoka nyumbani nikiwa darasa la tatu," akasema. "Alisema anaenda Kitale kumalizia mambo ya shamba."

Nilimchukua nikampeleka kwa mama.

Mama alimkaribisha kama mgeni wa kawaida, chai kwanza. Halafu akamsimulia yote aliyoyakumbuka: kwamba alikuwa mrefu, kwamba alikuwa akicheka kabla ya kumaliza maneno yake, kwamba hiyo wiki ya bodi ya ardhi walimngoja asifike. "Tulidhani amebadilisha nia, binti yangu. Hatukujua mlikuwa mnangoja pia." Mama akatoa makubaliano kutoka sandukuni. Yule dada aliweka kidole kwenye sahihi ya baba yake, akakiacha hapo. Hakuwahi kuona mwandiko wake. Akaomba ruhusa kupiga picha.

Wakili hakuridhika na hayo. Sasa mrithi anajulikana, akasema, na njia iliyo safi ni binti aape kwamba baba hajasikika kwa zaidi ya miaka saba, ili ahesabiwe kuwa amekufa. Tulikaa mezani watatu. Dada aliisoma karatasi, akaisukuma.

"Shamba sitaki. Baba aliuza, ni yenu. Lakini hii siandiki. Ati mimi ndiye niseme amekufa?"

"Ni lugha ya korti tu," wakili akasema.

"Basi korti iseme."

Nilijua kukataa kwake kutatuchelewesha, na nilikasirika, kisha nikachoka hata kukasirika. Mwishowe wakili aliandika kiapo kingine: kwamba yeye ni binti, kwamba hajui baba yake aliko, kwamba hapingi dai letu. Hicho alikitia sahihi. Kesi ikaahirishwa kwa sababu jaji alikuwa mafunzoni. Ikaahirishwa tena, faili ikiwa haionekani. Kila mara dada alikuja kutoka Bungoma ingawa hakuhitajika, akaketi nyuma, na jina la baba yake lilipoitwa koridoni mara tatu kama ilivyo desturi, aligeuka kutazama mlangoni. Nilimwona akigeuka kila mara.

Tulishinda. Hati ikatoka na jina la mama, naye akaishika kwa mikono miwili, akaniuliza, "Yule msichana ameambiwa?"

Sikuwa nimemwambia. Nilitoka nje nikampigia. Nyuma ya sauti yake nilisikia wateja wakibishana juu ya sweta.

"Pole na kazi," nikasema. "Hati imetoka."

"Asante Mungu. Salimia mama." Akamtajia mteja bei, kisha akarudi kwangu. "Kwa hivyo sasa jina la baba haliko tena kwa serikali."

"Haliko," nikasema.

"Sawa, mwalimu," akajibu, na nikamsikia akimwambia mtu kwamba ile ya bluu ndiyo ya mwisho.