Mayai ya Mzenga na Kidude cha Miguu Arobaini

Mkuza ilikuwa na fundi redio mmoja tu wa kutajwa, Bartolomeo, na wa kwanza kumtaja alikuwa yeye mwenyewe. Redio iliyonyamaza tangu mwaka wa uhuru, akiipuliza vumbi mara moja tu, ilisoma taarifa ya habari, tena ya kesho yake. Ndivyo watu walivyosimulia, naye hakuwakatiza.

Mwaka wa themanini na nne akahamia Mwalimu Adventina, mwanamke mfupi wa Bukoba, nyumba ya nne kutoka kwake. Kaka yake aliyekuwa masomoni Ujerumani alimtumia kibao cha kompyuta ndani ya kopo la biskuti. Juu yake palikaa kidude cheusi chenye miguu arobaini kama jongoo, pamoja na vitufe na tarakimu nyekundu zinazowaka. Mwalimu aliandika amri zake kwa namba daftarini, akazibonyeza moja moja, na kidude kikatii: washa taa, subiri, zima taa. Watu waliozoea kukaa barazani kwa Bartolomeo kumtazama akilehemu wakabeba vigoda vyao, wakahamia kwa mwalimu.

"Nasikia amekifundisha chuma kuhesabu," alisema Ursula, mke wa Bartolomeo, akimmiminia chai.

"Na redio zangu je?"

"Zako zinaongea tu, baba Gregori. Cha mwalimu kinasikiliza."

Chai ikamchachia mdomoni, na siku hiyo, kwa bahati, sukari ilikuwepo.

Haukupita muda mwalimu akapiga hodi. Alikuwa ametengeneza sanduku la mbao lenye taa ndani, la kuangulia vifaranga bila kuku, na waya mmoja umeachia.

"Njoo unilehemie, fundi. Mkono wako hautetemeki."

Bartolomeo akaenda, akalehemu, jicho moja kwenye waya, jingine kwenye daftari lililokuwa wazi mezani. Mwalimu akamwonyesha kila kitu bila kuficha. "Hapa ndipo dakika za taa kuwaka. Tatu. Hapa za kupumzika, tano. Ila kidude kina ubaya mmoja: umeme ukikatika kinasahau yote. Ukirudi, inabidi nikisomee upya daftari lote, namba kwa namba."

"Na ukikosea namba moja?"

"Kitalifuata kosa kwa adabu zote."

Uji ukafurika jikoni, mwalimu akakimbia. Bartolomeo akachomoa kalamu mfukoni. Tatu ukiifunga upande wa kushoto inakuwa nane. Kazi ya kufumba na kufumbua. Alichotaka ni aibu ndogo tu, ya mchana mmoja, vigoda virudi kwake.

Lakini umeme, ambao siku zote ulikatika hata mtu akipiga chafya, safari hii ukakaa siku nane mfululizo. Siku ya tano akashuka kwenye lori shangazi yake Kristina, kutoka Mzenga, na kapu kichwani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nipokee taratibu! Mayai mia na ishirini haya. Kideri kimetumalizia kuku kijiji kizima. Hii ndiyo mbegu iliyobaki, nampelekea mwalimu wenu wa taa."

Kila yai lilikuwa na jina la mwenyewe, limeandikwa kwa mkaa. Bartolomeo akalibeba kapu, na mayai yakapangwa sandukuni mwa mwalimu. Mara mbili alikwenda kwa mwalimu airudishe ile tatu. Mara mbili akakuta nyumba imejaa watu na daftari liko mapajani mwake.

Jumamosi asubuhi umeme ukakatika. Uliporudi, Bartolomeo alikimbia kutoka sokoni hata kiatu kimoja kikabaki njiani, akakuta mwalimu ameshabonyeza namba ya mwisho na taa zimewaka. Shangazi Kristina alikuwa ameketi mbele ya sanduku kama mtu aliyeko kanisani. Dakika ya tatu ikapita. Ya nne. Kipimajoto kikaanza kupanda.

"Mbona hazizimi?" mwalimu akashangaa, akafungua daftari ukurasa wa kwanza.

Kurasa zilikuwa sita, na mayai yasingesubiri. Bartolomeo akauchomoa waya ukutani.

"Ukurasa wa nne," alisema. "Ile nane ni tatu."

"Wewe umejuaje?" Shangazi akamgeukia. "Hayo umeyasomea wapi?"

Mwalimu akaupeleka ukurasa dirishani. Wino wake ulikuwa wa bluu. Nusu ya ile nane ilikuwa nyeusi. Akautazama mfuko wa shati la Bartolomeo, kisha akalifunga daftari.

"Fundi ni mwepesi kujifunza," alisema, wote wakisikia. "Kuanzia leo, umeme ukikatika, yeye ndiye atakayekisomea."

Shangazi akapiga vigelegele, watu wakapiga makofi. Makofi hayo Bartolomeo aliyatamani miezi mitatu. Sasa aliyameza kama klorokwini.

Umeme nao ukarudia tabia yake, mara nne kwa siku. Kila mara alibonyeza namba mia na arobaini, na kila alipouliza "hii ni ya nini?" mwalimu alimjibu vizuri, na huo wema ndio uliomchoma zaidi. Vifaranga walioanguliwa walikuwa tisini na saba. Kati ya mayai yaliyogoma, mawili yalikuwa na jina la Kristina.

"Wino uliuona," alimwambia mwalimu walipobaki wawili.

"Niliuona."

"Mbona hukunitaja?"

"Ungeondoka. Mimi nilitaka mtu wa kupokezana naye."

Mwezi uliofuata mwalimu alimwazima kibao. Bartolomeo akaandika amri zake mwenyewe: taa sita zifukuzane mstarini, ziende na kurudi. Zilipofukuzana kweli, vigoda vilijaa barazani kwake, na Lukasi, fundi redio kutoka kijiji cha Janga, akanyoosha shingo.

"Hiyo ya kurudi umeiandikaje, ndugu yangu?"

Bartolomeo akalifunga daftari, akalikalia.