Ukurasa wa Mwalimu Georgina

Mwalimu Georgina alifundisha Muleba miaka thelathini na minne, akastaafu, akakaa nyumbani wiki mbili, akachoka. Ndipo akaja kwetu Bilele, mjini Bukoba, kwenye ofisi ya watu wanne, kuandika maelezo ya mfumo ambao zahanati hutumia kuagiza dawa na chanjo kwa simu. Kuandika programu hajui. Kusumbua watu anajua sana.

Mimi, mwandika programu, nilikuwa na majaribio yaitwayo ya mkataba. Kila tukibadilisha kitu, kompyuta huhakikisha yenyewe kwamba seva yetu na simu za zahanati bado zinaelewana, kwa kila toleo la programu lililo mikononi mwa watu. Zikielewana, kijani. Zisipoelewana, nyekundu, na badiliko halitoki. Mwalimu akadai jaribio lake liongezwe: ukurasa wake wa "Nani anatumia toleo gani" ukipitisha siku thelathini bila kuhakikiwa, nyekundu vilevile. Na kuhakiki kwake ni kupigia simu zahanati moja moja, kwa Kihaya, kwa salamu zote: mume, watoto, migomba, mpaka ng'ombe, ndipo afike kwenye toleo. Siku tatu nzima! Nilikuwa natamani kulia.

Jumanne moja nikataka kufuta toleo la pili. Lilikuwa linatuchelewesha, na ukurasa ulisema halina mtu. Nikajaribu: nyekundu, siku thelathini zimepita. Mwalimu alikuwa Muleba, msibani. Basi nikabadilisha tarehe mwenyewe, ikawa kijani, nikafuta toleo na majaribio yake, nikaenda kula senene wa kukaanga kwa raha zangu.

Jumatano alirudi, akaona tarehe ambayo hakuiandika yeye. Hakunigombeza. Alivuta kiti, akaanza kuhakiki upya: akampigia Alistidia, muuguzi wa kisiwani Goziba, akaweka spika.

"Nimeagiza chanjo mara tatu tangu jana, inakataa," Alistidia alisema. "Ile simu mpya ilitumbukia ziwani, Mwalimu, nimerudia ya zamani. Na boti ni kesho. Nina watoto arobaini hapa."

"Protase," Mwalimu aliniita, taratibu. "Umesikia, mwana wange?"

Nikarudisha toleo la pili na majaribio yake yote, na saa kumi na moja jioni agizo la Alistidia likapita.

"Kesho utalipeleka boksi la chanjo mwenyewe," Mwalimu alisema. "Na kila simu ya zahanati utakayoiona huko, iangalie."

Goziba, Alistidia alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Pembeni yake alisimama Kahigi, mhudumu wa afya wa kambi ya wavuvi ya upande wa pili wa kisiwa. Nikaomba kuona simu yake. Toleo la kwanza. Nililifuta mwaka jana, ukurasa uliposema halina mtu.

"Naagiza kila mwezi, kaka, hamjibu," alisema, bila hasira yoyote. "Nikajua Bukoba mmeamua sisi wa kambini hatumo. Siku hizi navuka mwenyewe kufuata chanjo Muleba."

Nilimpigia Mwalimu palepale, nikamweleza. Nilingoja kufokewa.

"Ukurasa wangu hauna jina lake," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia. "Mpe simu, nimwombe radhi."