Gari la Wifi Halivutwi

Wifi yangu ni fundi cherehani, na anaishi na kushona ndani ya gari kuukuu lenye kitanda na jiko. Juzi, tukiwa sote watatu ndani, lilichemka katikati ya mlima, mvuke ukafoka kama birika. Kaka yangu, mumewe, alikuwa ameshaapa kwamba siku likivutwa kwa kamba, safari yake itaishia kwa wanunua vyuma chakavu.

"Niite wa kuvuta?" akauliza kaka, meno yote nje.

"Jivute sikio kwanza," akajibu wifi.

Akangoja injini ipoe, akajaza maji kwenye rejeta, kisha akawasha injini na hita ya ndani hadi mwisho ili moto wa injini utokee kwetu. Nje jua, ndani tanuri.

"Mke wangu, tutaiva!"

"Ukiiva nitakuepua. Wifi, niangalizie mshale wa joto."

Mshale ukashuka. Tukapanda kwa gia ya kwanza, waenda kwa miguu wakitupita na kutupungia. Kileleni kaka akashuka kukamua shati.

"Gari kaidi hili," akanung'unika.

"Limemuiga mwenye nalo. Panda, baba, tuteremke."

Akapanda, akaomba maji.